Joto la Siri la Murdo MacAskill

Kama kuna binadamu aliyeumbwa bila ngozi ya kusikia baridi, basi ni jirani yangu Murdo MacAskill. Muulize mwenyewe! Hapa Glenarro, kijijini kwetu Uskoti, maziwa yanaganda mlangoni, lakini Murdo anazunguka na kilti, sketi yetu ya wanaume, akitutangazia kwamba mwanamume wa kweli havai kitu chini yake. Hata leso.

Mwaka jana, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, upepo ulimfunua Lachlan aliyekuwa akiongoza wapiga zumari. Ikaonekana kaptura. Murdo alimsimanga baa nzima ikasikia, mpaka maskini akairudisha fimbo ya uongozi. Na akapewa nani? Nani tena!

Fimbo hiyo Murdo ameililia tangu ujana. Sikukuu ya mwaka huu ilipofika, barafu ikatanda mpaka ngazi za kanisa, na bwana mkubwa akatoka kifua mbele, mashavu yamemwiva kama katoka jikoni. Sisi tunatetemeka ndani ya makoti, yeye anatabasamu. Nilimwonea wivu, sifichi.

Mbele ya kanisa akainua goti juu kwa mbwembwe. Kitu kikalia pwaa! Maji yakamtiririka mapajani, yakaingia kwenye soksi, yanafuka mvuke.

Zumari zikanyamaza. Mkewe, Effie, akaziba mdomo. Lachlan akasogea, akauliza taratibu, "Murdo, maji gani hayo?"

Hapo mwanamume akabanwa. Akisema kweli, fimbo imekwenda. Akidanganya, adanganye nini? Nilimwona akipima aibu ipi ina nafuu.

"Mkojo," akasema, kidevu juu. "Nimejikojolea. Kibofu kimezeeka. Lakini humu chini hamna kitu."

Jamani! Mtu mzima kachagua kuitwa kikojozi kuliko kuitwa mwoga wa baridi. Na tungemwamini, mchungaji alishaanza kumwonea huruma. Ila kamba ikalegea kiunoni. Katikati ya miguu yake ikadondoka chupa ya mpira ya maji moto, imevishwa kifuko cha sufu ya rangi ya waridi alichokifuma Effie.

Lachlan akainama, akaiokota, akaipangusa theluji. Akampakatisha Murdo kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaichukua fimbo yake.

"Hongera, Murdo," akasema. "Umejifungua salama."