Gunia la Mibaruti

Jumatatu, 3 Juni

Daftari hili alinipa binti yangu mkubwa, yule muuguzi wa mjini, niandike saa za kumeza dawa ya presha. Matumizi mabaya ya karatasi! Humu nitaandika mambo ya maana. Shule niliacha mapema, mwalimu alikuwa hana cha kunifundisha tena.

Jambo la leo: binti kapiga simu. Kasikia nilianguka shambani. Nani kamwambia? Mke wangu alikuwa anasugua sufuria, hakuniangalia, na sufuria lenyewe lilikuwa limekwisha takata. Binti kasema shamba la bondeni limekuwa pori la mibaruti, baba huliwezi tena, nakuja Jumamosi ya wiki ijayo, nikikuta bado pori nawachukua wewe na mama mkakae kwangu, na shamba nampa mjomba alishie mbuzi.

Mjomba wake ndiye shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Mbuzi wake! Kwenye ardhi niliyoifyeka kwa mikono hii!

Huko kwa binti nimewahi kukaa. Chumba cha uani, dirisha linatazama ukuta, ukuta unatazama dirisha. Siku nzima nasikiliza friji. Sihami. Nimeandika kwa nguvu mpaka penseli imekatika ncha. Sihami!

Jumanne, 4 Juni

Asiyeujua mbaruti nimweleze. Miiba kuanzia jani hadi shina. Kichwa cha zambarau, kikikomaa kinageuka pamba nyeupe, na upepo ukivuma kila uzi wa pamba unaondoka na mbegu yake. Ukiukata, unachipua. Ukiukata tena, unachipua kwa hasira.

Mke wangu anasema dawa yake ni kuchimba, mzizi mzima, mmoja mmoja. Hiyo ni kazi ya mtu asiye na akili. Mimi nimefikiri. Ukoo unakwishaje? Ukikosa watoto. Basi nimekata vichwa vyote vyenye pamba, nimeshindilia guniani, nimeshona mdomo. Mashina nimeyaacha yafe kwa huzuni.

Mke wangu kasema nikalichome gunia sasa hivi. Nimemwambia kesho. Kwa leo liko stoo, nyuma ya majembe.

Alhamisi, 6 Juni

Mashina hayana huzuni. Yamechipua pembeni. Mke wangu kauliza habari za gunia. Kesho.

Akili ni nywele, na mimi sina upara. Mbuzi wanakula mibaruti, hilo linajulikana. Nimekwenda kwa shemeji, nikamwambia yaliyopita yamepita, alete mbuzi wake bondeni wale bure. Kaniangalia kama anayeuziwa nyama jioni. Kauliza leo shemeji umeamkia upande gani. Nikamwambia undugu ni undugu.

Ijumaa, 7 Juni

Mbuzi wanakula mibaruti. Nasisitiza, ni kweli. Ila mbuzi aliyeona maharage ya mke wangu ng'ambo ya mtaro hali mbaruti tena. Waliruka wote. Nilipofika na fimbo maharage yalikuwa hadithi.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Kasema hata mbuzi wana macho. Kasema niendelee kufunga virago taratibu, yeye ameshakata miti ya zizi. Halafu akapita bondeni akipima kwa hatua, mikono nyuma, kama mwenye mali. Nilimkimbiza. Kiuno kikanikamata njiani.

Mke wangu kayaangalia mashina ya maharage, akaingia jikoni. Chakula kaniwekea. Chumvi hakuna.

Jumapili, 9 Juni

Niko kitandani. Kiuno. Mke wangu amenikanda kwa kitambaa na maji ya moto, chumvi bado hakuna, lakini mkono wake hauna kinyongo. Nimepata nafuu kubwa.

Na hapo kitandani, kifudifudi, uso kwenye mto, wazo likanijia! Huku kwetu nani hana kiuno? Wote tunalima, wote tunainama. Na watu wenye maumivu wanaweza kuchimba hata jiwe wakiambiwa chini yake kuna dawa.

Siandiki zaidi. Kuta zina masikio na mke wangu anajua kusoma.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kwa kinyozi. Nywele sikuwa nazo za kunyoa, nilinyoa tu mwezi uliopita, lakini nilikaa kitini. Nikamnong'oneza kwamba nimekanda kiuno kwa maji yaliyochemshwa mizizi ya mbaruti nikaamka kama ndama. Nimesisitiza kukanda, si kunywa. Mtu akiharisha sitaki hodi yake. Nikamwomba asimwambie mtu.

Kasema, mzee wangu, mimi ni kaburi.

Kaburi lenye redio! Kabla sijafika nyumbani shemeji kanishika mkono njiani, kaniinamia sikioni, kaniambia kuna dawa. Kasema kuna mzee wa mbali aliyelala miaka, alipokandwa akainuka na kitanda akakibeba mwenyewe kichwani. Nilishangaa. Sikujifanya. Mambo ya kitanda sikuyasema mimi.

Nimemwambia, kwa shingo upande, mibaruti yangu ruhusa, wachimbe tu, undugu ni undugu.

Jumanne, 11 Juni

Nimeamshwa na sauti za majembe. Muziki!

Bonde limejaa watu. Fundi baiskeli na shemeji wanagombea mzizi mmoja, huyu anasema nimeuona mimi, yule anasema macho hayachimbi. Bibi mmoja kaja na mkongojo, kaondoka na fungu kichwani, mkongojo kausahau kwangu. Nimeutundika ukutani kama ushahidi.

Mimi nilipita katikati yao, mikono nyuma. Niliwaambia mzizi usikatwe njiani, nguvu yote iko kwenye ncha. Wakachimba mpaka magotini! Mke wangu kasimama ukingoni, mkono mdomoni. Kauliza nimewaambia nini watu hawa. Nikamwambia ng'ombe hazeeki maini.

Alhamisi, 13 Juni

Bonde ni jeupe, isipokuwa kipande cha mawe upande wa kijito. Watu wamekikataa, eti mizizi yake ni myembamba, haina nguvu. Watu wakipewa bure wanachagua! Na binti anakuja keshokutwa.

Jana mke wangu kachukua jembe, akaingia kwenye mawe. Nimemsimamia toka asubuhi hadi jua la utosi, na leo nikamsimamia tena, jana sikuandika kwa uchovu.

Jioni alitia mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Nikamwambia amekazana sana kwa ajili ya ardhi yangu. Kasema si kwa ajili ya ardhi. Kasema, baba watoto, kule mjini uliacha kubishana. Wiki nzima ulisema ndiyo, ndiyo, kila ulichoulizwa. Nyumba yenye kimya chako mimi siiwezi.

Nikamwambia amebakiza mmoja, karibu na jiwe kubwa.

Jumamosi, 15 Juni

Binti kafika kabla ya chai. Alishuka bondeni moja kwa moja, na viatu vyake vya kazini. Alilizunguka lote, shemeji nyuma yake akisema mbuzi hawana haraka. Aliporudi macho yalikuwa yamemlowa.

Kauliza nani kalisafisha. Nikasema mimi, kwa mikono hii. Akanishika mkono, akaugeuza kama anayetafuta mshipa. Kiganja laini. Kisha akaushika wa mama yake. Malengelenge, mengine yamepasuka. Akaushikilia muda mrefu, akatoa bandeji kwenye mkoba, akaufunga polepole.

Halafu kasema, basi, mtabaki. Mama ana nguvu.

Nikataka kuuliza na baba je, lakini fundi baiskeli akapiga kelele getini, mzee, ile mizizi imebaki? Binti kauliza mizizi gani. Nilishikwa na kikohozi. Mke wangu kasema anatafuta kuni huyo.

Katika ndoa yetu yote ni mara ya kwanza namsikia akisema uongo. Nilitaka kumshukuru. Nitamshukuru siku nyingine.

Jumatano, 19 Juni

Binti kaondoka. Shemeji miti ya zizi kaifanya kuni. Ushindi wangu kamili!

Ila kiuno kilinishika tena leo asubuhi nikivaa viatu. Na kinyozi anaapa yeye kapona. Bibi wa mkongojo hajaufuata mpaka leo. Fundi baiskeli anainama kama kijana. Watu wote hawa waongo? Nikaenda kwa shemeji, kanipa mzizi mmoja tu, tena kwa kunibembelezesha. Mke wangu kachemsha, kanikanda.

Nimepona! Mke wangu anasema ni maji ya moto hayo, hata ungechemsha kiatu. Sikubishana sana, saa moja tu. Dawa hii nani kaigundua, si mimi?

Na watu bado wanakuja. Wanatoka hata ng'ambo ya kijito kuulizia mizizi, na mimi mwenye dawa bonde langu ni jeupe kama sahani. Aibu gani hii! Nilikaa kizingitini nikajiuliza mbegu nitapata wapi.

Ndipo nikakumbuka. Nyuma ya majembe!

Ingekuwa mtu mwingine angelichoma siku ile ile. Mimi naona mbali. Nimelibeba mpaka katikati ya bonde, nikafumua mshono, na Mungu naye akaleta upepo. Pamba ikapaa, nyeupe, nyingi, bonde zima. Nyingine imevuka kwa shemeji. Si neno. Undugu ni undugu.

Mke wangu ananiita kutoka jikoni, anauliza kama lile gunia nimekwisha lichoma. Nimemjibu asiwe na wasiwasi, gunia ni tupu.