Chupa za Meza ya Bwana

Jumatatu, 7 Machi 1966

Nafasi ya msaidizi wa maabara ni moja. Koti jeupe ni moja. Wanaolitaka ni wawili: mimi Dishon, mfagiaji wa maabara hii ya misheni kwa miaka kumi na minne, na Ombui, aliyekuja juzi na cheti chake cha darasa la nane. Ijumaa Bwana Nchagwa, mkaguzi wa maabara, atatoka Homa Bay kutupima. Mke wangu Truphena ameshawatangazia akina mama wa kanisa kwamba nitavaa koti. Sasa nitarudi nyuma namna gani?

Nimepata njia! Chupa za kupokelea mkojo ni za Ombui. Huziokota kwenye baa pale Suna. Chupa za pombe, kwa watu wa Mungu! Eti anazichemsha na sabuni hadi zinalia ukipitisha kidole. Pombe ni pombe. Nimezitupa shimoni. Nyumbani tuna chupa ishirini za kanisa, ambazo Truphena hutilia maji ya zabibu kavu yaliyochemshwa na sukari nyingi, kwa ajili ya Meza ya Bwana. Kileo hazikijui. Nimezileta kwa kikapu. Chini zina utando mwekundu. Sikuziosha. Chupa iliyohudumu mezani pa Bwana, nani aisugue kwa sabuni ya kufulia?

Mkubwa wetu, Bwana Cephas, yuko Kisumu kuchukua dawa mpaka Ijumaa. Mungu hupanga.

Jumanne, 8 Machi

Siku ya utukufu. Kipimo chenyewe hata mimi nakiweza. Unatia dawa ya buluu ya Benedict kwenye tyubu ya kioo. Jina la Kikatoliki hilo, lakini inafanya kazi. Matone manane ya mkojo, unachemsha dakika tano. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Ikiwa nyekundu kama tofali, ndugu yangu, jiandae.

Wagonjwa sita leo. Tofali sita! Mama Phelesia, aliyekuja na malaria: tofali. Maurice, aliyeanguka na baiskeli akavunja mguu: tofali. Sista Milka, muuguzi wetu, aliuliza tangu lini baiskeli inaambukiza sukari. Nikamjibu sayansi ina siri zake.

Ombui alikuwa ameficha chupa moja ya baa. Akampa Maurice akojoe tena humo. Buluu tupu. Nikasema pombe imeiua sukari. Akaniita profesa. Sikupenda alivyolitamka.

Jumatano, 9 Machi

Pasta Fanuel amekuja na kiungulia tu. Nikampa chupa, kwa heshima, ile nzuri yenye shingo ndefu. Tofali! Tena tofali la kujengea kanisa. Nimempiga marufuku uji wa sukari, viazi vitamu na ugali. Ale mboga ya dek na maji. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama hata ugali wa wimbi. Nikasema hata huo. Ni vigumu kumnyima mtumishi wa Bwana, lakini nilijisikia daktari kidogo.

Alhamisi, 10 Machi

Pasta amekonda shingo. Katika maombi ya asubuhi alifika kwenye mkate wetu wa kila siku, akanitazama.

Sista Milka amesema kesho jioni ataanza kumdunga sindano za kushusha sukari. Ombui akamsihi angoje, akasema sindano ile kwa mtu asiye na ugonjwa wa sukari itamwangusha. Wivu! Nimemwomba Mungu aishushe sukari ya Pasta, ila si kabla ya Bwana Nchagwa kuiona.

Ijumaa, 11 Machi

Daftari, wewe peke yako hunicheki.

Bwana Nchagwa ni mtu mfupi, mpole, wa maneno machache. Alitusikiliza habari ya tofali saba. Hakutaka mkojo wowote. Aliniambia nichukue chupa yangu mojawapo, nichote maji ya kunywa mtungini, niyapime. Maji matupu! Nikatia matone manane. Nikachemsha. Buluu. Kijani. Njano.

Tofali.

Akaniuliza kwa upole, mzee wangu, huu mtungi una watoto? Maana ugonjwa huu hurithiwa. Ombui alitoka nje. Nilimsikia akicheka hadi jikoni. Kisha Bwana Nchagwa akanusa chupa, akauliza ilikuwa na nini. Nikasema hakuna uchafu, ni Meza ya Bwana. Sista Milka akaweka sindano chini.

Pasta alikuwa mlangoni, anasubiri kudungwa. Alimwomba Milka uji, vikombe viwili, na sukari aletewe na bakuli lake.

Koti amepewa Ombui. Nilipofika nyumbani Truphena alikuwa ameshasikia zile chupa zimetumika kwa nini. Akaniita Baba Pamela mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Nimelala kwa ng'ombe.

Jumapili, 13 Machi

Jana Sabato wazee wa kanisa walinivua ushemasi. Nimesamehe. Bwana Cephas ni mwema, ameniruhusu nijaribu tena Juni, mradi niache mambo ya chupa. Lakini nimefikiri sana, nimeona kosa lilikuwa wapi. Ni zile zabibu! Zilitoka dukani, na dukani kuna mikono mingi ya dunia.

Leo nimemtuma mtu kwa Gisiri, yule mfuga nyuki wa kule Ukuria. Ana chupa hamsini, hazijaona baa wala duka, hazijabeba kitu isipokuwa asali safi ya Mungu. Nimezitaka zote. Nimemwonya asizisuuze.