Foleni ya Kompyuta Kuu

Jumatatu, 3 Machi
Foleni haijasogea. Kompyuta kuu ni ya umma, vyuo vyote tunaigombania, na hesabu zangu za mafuriko ziko nyuma ya nyuki. Nyuki! Jirani yangu wa ofisi, tunamwita Mama Nyuki, anapima mtikisiko wa mabawa. Mkuu wa idara anataka matokeo yangu Ijumaa, la sivyo mkataba hauongezwi. Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwendea shemeji, kaka wa mke wangu. Ndiye mtunza mitambo. Nikamkumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Akasema baina yetu hakuna damu, kuna ndoa tu, na mashine haijui shemeji. Kazi ndogo hupita upesi, kubwa husubiri. Kasema kwa mdomo wake! Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatano, 5 Machi
Nimeikatakata hesabu yangu vipande vipande. Vikapita kama siafu chini ya mlango. Nikaagiza chai. Kabla haijapoa, mashine ikazidiwa na vipande vyangu, ikakwama. Watu wa mbegu, wa chanjo, wa hali ya hewa, wote wanapiga simu! Hesabu ya Mama Nyuki imekufa. Yangu pia. Shemeji kanifungia akaunti, kasema nisimsemeshe hata msibani. Mke wangu kasema kaka yake ana haki. Nalala sebuleni. Kochi fupi.

Alhamisi, 6 Machi
Nilimwona Mama Nyuki anakuja, nikajibanza nyuma ya kabati. Akaniambia, "Toka, mwenzangu, miguu inaonekana." Nilitamani anitukane yaishe. Kumbe alihifadhi nakala. Akasema mto ukifurika watu wanakufa, mabawa yatangoja. Nimpe hesabu yangu aiweke kwenye zamu yake. "Moja tu, tafadhali." Sikuweza kumtazama usoni. Nimeapa: ujanja basi, maisha yangu yote.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu wa idara kaniongezea wiki. Mama Nyuki ndiye aliyeniombea. Mtu na nusu, yule mama! Nimempa hesabu moja, kama tulivyokubaliana. Ila wakati wa kuifunga nikajiuliza, mto gani usio na vijito? Nikavitia ndani. Na ziwa. Na mvua za miaka ijayo, maadam mlango uko wazi. Kwa nje ni moja. Mjamzito naye si huhesabiwa mtu mmoja?