Nahodha Kutu, Sehemu Zote Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Siku njema. Mzee wa Ukumbi amebandika tangazo. Jumba lake la sinema limekwisha kupakwa rangi, viti vimeshonwa upya, na Jumapili linafunguliwa kwa *Nahodha Kutu*. Sehemu zote nne, asubuhi hadi jioni. Anatafutwa mtu mwenye sauti, asimame mbele na kipaza sauti, awaambie watu kama filamu ile bado ina nguvu au imezeeka kama sisi wengine. Atakayefaa ataishika kazi hiyo kila Jumapili.

Mtu huyo ni mimi. Sijui kwa nini wamepoteza karatasi kubandika tangazo.

Mimi ni kinyozi. Kwenye televisheni ya chumba ninachonyolea, *Nahodha Kutu* haijawahi kupumzika. Kuna vijana niliowanyoa mara ya kwanza wamepakatwa na mama zao, Nahodha akiunguruma, na leo wanakuja na ndevu. Nani mwingine anaijua kama mimi?

Kuna faida nyingine, naiandika hapa tu. Mzee ana binti. Anauza tiketi dirishani, na ana namna ya kuichana tiketi taratibu, kama mtu anayekuhurumia kwa utakachokiona ndani. Nataka kumwoa. Bibie hajakataa, kasema niongee na baba yake. Baba yake hajakataa pia. Hajui kama nipo. Jumapili atajua.

Doa moja. Fundi Simu, ambaye duka lake linatazamana na langu, naye kajitokeza. Anatangaza kwamba sehemu ya kwanza ni nzuri, ya pili inavumilika, ya tatu ni tusi, na ya nne ni kosa la jinai. Bibie alicheka. Si kicheko kirefu, lakini nilikisikia toka ng'ambo ya barabara.

Mzee kaamua tuseme wote wawili na watu wanyooshe mikono. Sawa tu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini anayezikata ni mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Upelelezi. Nilipita ofisini kwa Mzee nikijifanya nauliza saa. Picha kubwa ya Nahodha ukutani! Kwa hiyo Mzee anaipenda. Kwa hiyo anazipenda zote nne. Kwa hiyo na mimi nazipenda zote nne, sawasawa, kama mama na watoto wake. Mpango umekamilika kabla ya chai.

Nikarudi kazini, nikaiweka sehemu ya kwanza ili niitazame kwa jicho la mchambuzi. Kitini alikuwa Mwalimu, mteja wangu wa tangu zamani. Nahodha ana mkono mmoja wa chuma, wenye nguvu za ajabu, lakini kila anapoutumia unakula kutu. Maadui ni madubwana yanayotafuna chuma. Wazo zuri, hata leo. Mwalimu akauliza, kwa upole, kama kichwa cha dubwana lile kubwa si chujio la kuchujia nazi. Nikamwambia ni macho yake. Nikatazama. Chujio! Limepakwa rangi ya fedha, na mpini wake unaonekana. Miaka yote hii nimekuwa nikiogopa chombo cha jikoni.

Lakini halafu ukaja mlango. Meli ya angani inavunjika, binti wa Nahodha yuko ndani, na mlango haufungiki ila kwa kusukumwa kutoka nje. Nahodha anausukuma kwa mkono ule wa kutu mpaka mkono unakatikia pale pale. Anabaki nje, angani. Binti anagonga kioo. Basi.

Mwalimu akalia. Mimi nilikuwa na wembe mkononi, sikupaswa kulia, nikalia. Mwalimu kaondoka na sharafa moja, ndevu za shavu moja tu; za jingine zimekwenda na wembe. Hakulalamika. Filamu inayoweza kumfanya mwalimu asidai sharafa yake, hiyo haijazeeka.

Jumatano, 6 Agosti

Ya pili na ya tatu kwa mkupuo.

Ya pili: Nahodha hakufa. Alizirai. Anga lote lile, hewa hakuna, mkono hakuna, kumbe alizirai. Madubwana ni mengi zaidi, machujio yamekuwa makubwa zaidi (hata karai nimeliona). Kila mtu anakimbia, hakuna anayesema anakwenda wapi. Lakini kuna pale anapomwaga mafuta ya kupikia na jeshi zima la madubwana linateleza. Wateja walipiga makofi. Inavumilika.

Neno hilo ni la Fundi Simu. Nalifuta. Ni nzuri sana.

Ya tatu: yule adui aliyekufa ana pacha. Pacha naye anakufa. Kumbe walikuwa watatu. Katikati Nahodha analala usingizi wa kusafiria, nami nikalala kidogo, nimesimama, mashine ikiwa kichwani mwa muuza viatu. Nilipoamka palikuwa na barabara safi kutoka kisogoni hadi kwenye paji la uso. Nikamwambia ndiyo mtindo wa Nahodha. Akafurahi! Akarudi baadaye na mkewe. Mkewe hakufurahi. Ana maneno mengi yule mama, na mkono mwepesi.

Kati yangu na karatasi hii: ya kwanza inaishi kwa sababu mtu anapoteza kitu na hakirudi. Hizo nyingine zinarudisha kila kitu, kama duka linalomrudishia kila mtu pesa yake. Lakini hayo sitayasema kwa mtu. Mzee ana picha ukutani.

Alhamisi, 7 Agosti

Vita vya maneno. Nimesambaza habari, kwa watu wachache waaminifu wasioweza kunyamaza, kwamba Fundi Simu ameitazama *Nahodha Kutu* kwenye simu za wateja wake tu, zenye vioo vilivyopasuka, vipande vipande. Mtu wa namna hiyo atahukumu nini?

Kufika adhuhuri amejibu. Kasimama mlangoni kwake, kapaza sauti ili mtaa usikie: heri kioo cha simu kilichopasuka kuliko kioo cha kinyozi. Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka ili nisionekane sijaelewa.

Sikuelewa.

Dada yangu, ambaye chumba ni chake na hajawahi kuniacha nisahau, akanieleza huku anafagia. Televisheni iko ukutani nyuma ya kiti. Mteja anaitazama kwenye kioo kilicho mbele yake. Na wewe mdogo wangu, unasimama nyuma ya mteja, uso kwenye kioo. Maisha yako yote umeitazama hiyo filamu ya watu ikiwa imegeuzwa.

Nikamwambia filamu ni filamu. Akauliza kama sijawahi kushangaa kwa nini maandishi yake hayasomeki. Nikasema hayo ni maandishi ya madubwana, nimewafafanulia wateja mara nyingi. Dada akauweka ufagio chini, akakaa, akanitazama kwa muda.

Wivu. Hata ndugu wa tumbo moja.

Ijumaa, 8 Agosti

Kampeni. Kila aliyekaa kitini leo nimemuuliza msimamo wake kuhusu sehemu ya tatu. Nauliza nikifika kwenye koo, wembe ukiwa umetulia. Hakuna hata mmoja aliyesema ni mbaya. Umoja wa namna hii haujawahi kuonekana katika mji huu.

Bibie kapita mlangoni. Kauliza hotuba yangu itakuwa ya nini. Nikasema ya kumpendeza mtu fulani. Akaona haya. Nilikuwa namaanisha baba yake, lakini niliacha ilivyo.

Kabla hajaondoka kasema jambo la ajabu: niseme tu ninachokiona. Ushauri wa mtu asiyejua siasa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilikusudia kuitazama ya nne. Wateja walijaa, wote wanataka kupendeza kesho. Nimeamua haina haja. Naikumbuka. Nahodha ana mikono miwili ya chuma, na binti yake amekuwa mkubwa kiasi kwamba mwigizaji anamzidi umri baba mtu. Naam, yatosha. Mwanajeshi hodari hahesabu risasi.

Nimeifanyia hotuba mazoezi mbele ya kioo. Mkono unainuka vizuri sana.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika kwa utulivu.

Ukumbi ulijaa pomoni. Fundi Simu kaanza. Kavaa koti. Kasema sehemu ya kwanza haijazeeka, machujio na yote, kwa sababu mtu anatoa kitu asichoweza kurudishiwa. Na kwamba zilizofuata zinaishi kwa mkopo wa ule mlango. Ya tatu, kasema, ni usingizi uliokatiwa tiketi. Nikapandwa na hasira: ni mawazo yangu ya Jumatano, neno kwa neno karibu! Na mimi ndiye niliyelazimika kuyapinga.

Nikashika kipaza sauti. Nikasema nne zote ni kitambaa kimoja, anayekata kipande ameharibu vazi. Nikamwona Mzee anakuna kidevu. Vizuri. Nikaongeza moto. Nikasema siri yote ya filamu iko kwenye ule mkono wa chuma, mkono wa kushoto, upande wa moyo! Kwamba mwenye kuitunga aliuweka kushoto kwa makusudi, ili kutu iule karibu na mapenzi yake!

Sauti nyuma ikasema ni mkono wa kulia.

Mwalimu akasimama, sharafa yake moja ikimeta, akasema ni wa kushoto, ameuona kwa macho yake tangu ujana. Muuza viatu akasema kushoto. Safu tatu zikasema kushoto. Safu zilizobaki zikasema kulia, nyie mna wazimu gani? Ungeweza kuwatambua bila hata kuwasikiliza: walionyolewa vizuri wote walikuwa kushoto.

Mtu akapiga kelele tumalize ubishi, washeni filamu. Wakawasha.

Maandishi yakatokea kwanza. Yakasomeka. Nyuma yangu mteja wangu wa siku nyingi akanong'ona, kama aliyeona mzimu, kwamba kumbe ni maneno ya kawaida.

Kisha Nahodha akatokea, akauinua mkono wa chuma.

Wa kulia.

Ungesikia unywele ukianguka. Halafu Mwalimu, Mungu amzidishie, akasimama juu ya kiti akapaza sauti kwamba wameiweka vibaya. Igeuzeni! Safu tatu zikadaka: Igeuzeni! Tumelipa tuone mbele, mnatuonyesha nyuma! Mzee akapanda mbio hadi chumba cha mitambo, akashuka jasho likimtoka, akaapa kwamba imewekwa sawa. Wakamwita mwongo. Katika ukumbi wake, siku ya ufunguzi, rangi haijakauka.

Kura haikuhesabiwa. Mzee kachukua kipaza sauti kasema mtu aliyeifundisha nusu ya mji kwamba kulia ni kushoto hatakishika tena maishani mwake. Akampa Fundi Simu. Fundi akanipa mkono, akasema, “Asiyekubali kushindwa si mshindani, kaka.” Kaka! Mimi nimemzidi kwa kila kitu.

Dirishani Bibie hakuwa anacheka. Ningependa acheke.

Jumatatu, 11 Agosti

Bibie kaja kwangu asubuhi. Kakaa kwenye kiti cha wateja, kanitazama kwenye kioo. Dada akajifanya anatafuta kitu ili asitoke.

Kasema baba yake hakukasirika kwa sababu ya mkono. Mkono ni jambo la kucheka. Jana usiku alicheka peke yake mpaka akashika mbavu. Alichukia nilivyoisifu ile ya tatu. Mzee hulala kila anapoitazama, hajawahi kujua inavyoisha. Picha ukutani ni ya sehemu ya kwanza. Kwa miaka yote amekuwa akingoja mtu mmoja athubutu kusema wazi.

Kisha kaniuliza mimi, kwa ukweli, niliona nini. Sijui nini kilinishika. Nikamwambia habari ya mlango. Nikamwambia nililia na wembe mkononi. Nikamwambia ya tatu niliilala nimesimama.

Kasema, “Ungesema hivyo tu jana.” Macho yake yalikuwa na maji kidogo. Hata Dada aliacha kutafuta.

Bibie kapanga kila kitu. Alasiri baba yake atakuwa ofisini, moyo umepoa. Nimwamkie, nimweleze habari zetu, hatakataa. Ameshamgusia, na Mzee alichouliza ni kama mimi ni mtu wa kuaminika. Kuna habari kwamba sehemu ya tano inatengenezwa, hakika atauliza nadhani nini. Nijibu ninachokijua. Basi. Kanishika mkono, karudia: ninachokijua, si zaidi. Dada kasema hata mtoto anaweza.

Nikaenda. Shikamoo Mzee. Marahaba. Kanipa kiti! Nikaeleza nia yangu kwa binti yake, vizuri, kwa ufupi. Kasikiliza akitikisa kichwa taratibu, kichwa cha mtu anayeelekea kukubali. Hata kasema nywele zake zinahitaji mkono mzuri.

Halafu kauliza. Hiyo ya tano, kijana, waionaje?

Ilikuwa rahisi. Sijaiona. Neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Nikafungua kinywa, nikaisikia sauti yangu, nzuri, imejaa chumba, ikisema nimeiona mara mbili na inazishinda zote nne.

Mzee kasema hata waigizaji hawajapatikana.

Nikamwambia ndiyo maana ni adimu.

Kavua miwani. Kaipangusa kwa muda mrefu sana, ingawa ilikuwa safi. Kisha kainuka, kanifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, na kausimamia mpaka nikatoka kabisa. Mzee huyu! Kwa umri wake, na heshima yake! Hajawahi kumfungulia mtu mlango, muulize yeyote.

Naona harusi haiko mbali. Kesho asubuhi nitarudi, nimdokezee kidogo habari za sehemu ya sita.