Hatua za Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Nimestaafu rasmi. Miaka ishirini na miwili ya mbio za mita elfu moja na mia tano, na kila fainali wa pili! Mbele yangu mgongo uleule, wa jamaa tunayemwita Kifua kwa jinsi anavyokitanguliza kwenye utepe. Leo nimekwenda kliniki kwa ajili ya goti. Mtaalamu wa viungo, dada mpole mwenye kalamu nyekundu, akaniambia niweke malengo mapya: afya, usingizi, kutembea taratibu. Mashindano yamekwisha, akasisitiza. Kisha akanionyesha karatasi ukutani yenye majina ya wanamichezo wastaafu wote. Mwenye hatua nyingi zaidi kufikia Jumamosi ataongoza matembezi ya Jumapili, ameshika bendera. Eti mashindano yamekwisha! Jina la kwanza kwenye karatasi: Kifua.

Nimepewa kidude cha kuhesabu hatua, kinabanwa kwenye kamba za kiatu. Lengo langu: hatua elfu sita kwa siku. Lengo langu la siri: bendera. Mara moja tu maishani, niione barabara bila mgongo wa mtu mbele yangu.

Jumanne, 4 Machi
Hatua 6,214. Goti limevimba kama mkate. Kifua ametangaza zake kwenye kundi la simu: 14,900. Anafundisha udereva, nikadhani anashinda amekaa. Kumbe anawashusha wanafunzi garini na kuwatembeza njia nzima kwa miguu, eti wazizoee kona. Hana haya mtu huyu!

Jumatano, 5 Machi
Nimekaa sebuleni, goti juu ya kigoda, roho chini. Mke wangu ana oda kubwa ya sare za shule. Tangu saa mbili asubuhi mguu wake haujatulia kwenye cherehani. Nikautazama ule mguu. Nikakitazama kidude. Wazo likaja lenyewe, sikuliita. Alipotoka kuanika nguo, nikakifunga chini ya kikanyagio kwa kipande cha kitambaa, nikarudi kitini na uso wa mgonjwa.

Jioni: 31,400!

Alhamisi, 6 Machi
38,050. Kifua kanipigia, anauliza kwa upole kama goti halinisumbui. Nikamjibu kwamba siri ni nidhamu.

Doa moja tu. Mke wangu amekiona kitambaa. Anaamini nimekifunga ili kikanyagio kisipige kelele, kelele ile anayonilalamikia tangu mwaka jana. Amewaambia wateja wawili na mama mkwe kwamba ana mume anayemjali. Mezani kaniwekea mnofu mkubwa kuliko wake. Nimeula kwa aibu. Nimeumaliza.

Ijumaa, 7 Machi
Saa tisa mke wangu akasema amechoka, sare zilizobaki atazimalizia kesho. Kesho! Na Kifua, ambaye sasa anatembea hata usiku, yuko nyuma yangu kidogo tu! Nikamletea maji, nikamkanda mabega, nikamwambia watoto hawawezi kwenda shule bila sare. Akasema siku hizi nimebadilika sana. Akashona mpaka jioni. 44,700. Nimejaribu bendera mbele ya kioo, kwa mpini wa ufagio.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kanisindikiza kliniki, amevaa vizuri, ana fahari. Mtaalamu akasoma kidude, akalitazama goti, akakisoma tena. Akamwomba mke wangu anilazimishe kukaa kidogo nyumbani. Mke wangu akashangaa. Nikae mara ngapi? Tangu Jumatano sijatoka kitini!

Mtaalamu akakigeuza kidude. Nyuma, mafuta ya cherehani na uzi wa buluu. Mke wangu akautambua uzi wake. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliuliza kwa sauti ndogo: kwa hiyo kile kitambaa hakikuwa kwa ajili yake? Nilitaka kudanganya. Nikashindwa. Nikasema hapana, na iliniuma kuliko goti.

Mtaalamu akakata jina langu kwa kalamu nyekundu, akaandika la mke wangu. Hatua ni za mwenye miguu, akasema. Wastaafu waliokuja kusikia matokeo wakashangilia; Kifua alipiga makofi kuliko wote.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu mbele, bendera juu, utadhani alizaliwa nayo. Nyuma yake Kifua. Nyuma ya Kifua watu kumi na mmoja. Halafu mimi, na gari la huduma ya kwanza.

Karibu na mwisho Kifua akaweka mguu kando kufunga kamba ya kiatu. Nikachomoka! Goti likalia, nikampita, kifua mbele, mikono juu! Aliyenishangilia ni dereva wa gari la huduma ya kwanza peke yake. Lakini mke wangu aligeuka, akaniona, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Tulipofika nyumbani nikalala chini ya cherehani na kopo la mafuta hadi kikanyagio kikanyamaza kweli. Nimesamehewa. Nimeapa: mashindano basi.

Mtaalamu ametupa lengo jipya la wiki, kupumzika. Kila mtu aandike muda wake wa kulala. Karatasi mpya imeshabandikwa ukutani.

Kulala! Huko goti halihitajiki. Kifua atanitambua. Saa tisa alasiri hii nimeruka kitandani, viatu miguuni, nisipoteze hata sekunde. Nikageuka. Mke wangu anakoroma, bendera ubavuni.

Kwa hesabu zangu, ananiongoza kwa dakika saba.