Malalamiko Kuhusu Kadi Nyekundu Niliyopewa Buchani Kwangu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa,

Natumaini u mzima wewe na wote wa nyumbani. Mimi si mzima sana, kwani naandika nikiwa uani, juu ya ndoo iliyofunikwa, siku ya nne sasa, kutokana na adhabu nitakayoieleza.

Unanifahamu. Ndimi mwenye bucha iliyo pembeni mwa uwanja, na mwaka juzi ni mimi niliyesimama mkutanoni nikasema vijana wanaharibika, kamati ifanye kitu. Sikusema ifanye kitu hiki.

Mlimleta yule mama, askari jela mstaafu, mkamkabidhi filimbi, mipira mitatu na vijana kumi na wanane waliokuwa wakipora simu na kuvunja nyumba za watu. Alisema amechoka kuwafungia mlango watoto aliowajua tangu wananyonya. Maneno mazuri, nilipiga makofi. Akawapanga kwa ujuzi wao: mpora simu akawa winga, mruka kuta akawa kipa, na yule aliyekuwa akisimama njia panda kuangalia kama polisi wanakuja, akapewa kibendera. Wizi ukakoma. Hadi hapo sina neno.

Neno langu ni kuhusu kadi. Mama huyo anataka kila kijana awe mwamuzi kwa zamu, aonje uchungu wa kusimamia sheria, na zamu hiyo ni ya wiki nzima. Kwa kuwa Alhamisi kamati inaamua kama timu iendelee kupewa uwanja, naomba haya yasomwe kikaoni:

1. Wiki iliyopita nilikuwa nampimia mteja kilo moja. Kidole changu gumba kilikuwa juu ya mizani, kimepumzika tu. Mwamuzi wa zamu alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuleyule ambaye mwaka jana alikamatwa sokoni na simu ya mtu, nikajilaza juu yake ili mawe yanipate mimi. Bega langu bado linauma kukiwa na baridi. Akanipa shikamoo, akainamisha kichwa, akanionyesha kadi ya njano kwa mikono miwili. Utamgombezaje mtoto mwenye adabu namna hiyo?

2. Nilimuuliza tangu lini bucha ikawa uwanja. Akapima kwa hatua. Ndugu Mwenyekiti, ni kweli kwamba ukuta wangu, kwa sababu ya upepo, umekuwa ukisogea uwanjani tofali moja moja kwa miaka kadhaa, na vijana wamezoea kucheza kwenye uwanja wenye kona tatu. Ya nne, kwa hesabu yake, iko ndani kwangu, kati ya mizani na gogo la kukatia nyama.

"Mjomba, mizani iko ndani ya mstari," akasema. "Ingekuwa nje, nisingekugusa."

3. Nikahamisha mizani. Kesho yake nikamwaga maji ya kuoshea gogo pale ninapoyamwaga siku zote, nikasahau kwamba pale nako ni ndani. Njano ya pili, yaani nyekundu. Nimefungiwa mechi mbili kukaa kwenye benchi la kinyozi, ninapocheza drafti kila jioni. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Mimi nimecheza kwetu, nikatolewa.

4. Nilidhani ni utani, lakini kinyozi hakunipa nafasi. Nikakata rufaa kwa mke wangu, naye akauliza swali moja tu: maji nilimwaga au sikumwaga? Tangu siku hiyo chai yangu inaletwa uani.

5. Ugonjwa unaenea. Fundi cherehani, ambaye kibaraza chake nacho kimevuka mstari, amepewa njano kwa kupoteza muda, eti amemwambia mteja "njoo kesho" mara sita. Nawe Mwenyekiti, sipendi umbeya, lakini juzi vijana wawili walionekana na kamba ya kupimia karibu na gereji yako.

Kwa hiyo naomba timu ivunjwe, na vijana warudishwe kwenye kazi yao ya zamani, walau siku tatu kwa wiki. Mwizi tuliyemzoea alikuwa na staha. Alikuja umelala, akachukua kuku, akaenda zake bila kukuuliza habari za mizani.

Nisalimie mkeo, watoto, katibu, mweka hazina na hata kinyozi, ukipita kwake.

Wako mtiifu, ingawa nje ya benchi,
Mwenye bucha

Nyongeza: Baada ya kuandika hayo niliona heri niubomoe ukuta kabla ya kikao, niwe nje ya mstari na kesi yangu iwe safi. Nilianza peke yangu asubuhi. Wakaja vijana saba bila kuitwa, wakabeba matofali hadi nyuma ya bucha, na nilipoyahesabu yalikuwa yote. Jioni mpwa wangu akapiga mpira wa kona kutoka pale ilipokuwa mizani, kipa wa wenzao akaukosa, ukaingia wenyewe. Dada yangu alicheka hadi akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile ya sokoni, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Karatasi ni nyingi mno kuzichana, basi kikaoni uisome barua hii kuanzia kwenye nyongeza. Uwanja wapewe, kona zote nne.

Adhabu yangu imebaki mechi moja. Mpwa wangu alitaka kunifutia kwa ajili ya ukuta, nikamkatalia. Sheria ni sheria, nami nimeanza kuizoea ndoo.