Siku Siwa Ilipopakua Pilau Batha

Jongeeni, enyi wote wenye masikio na matumbo! Wapisheni wenye njaa waketi mbele, wazimieni watoto simu, kwa maana yanayosimuliwa hapa si ya wafalme waliobomoa ngome wala majemadari waliovuka jangwa. Ni ya Truphena binti wa Vihiga, Mwenye Mikono Isiyokauka, na sufuria moja ya pilau, na mabaraza mawili matukufu yaliyoizingira sufuria ile mpaka mvuke wake ukakata tamaa.

Jueni kwanza alichokitaka shujaa huyu. Truphena alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya Madam Muna, huko Riyadh, na tangu aingie nyumba ile hakuwahi kula ameketi. Alikula amesimama kando ya sinki, sikio likiwa kwenye kengele, tonge la mwisho akilimeza njiani kwenda kuitika. Ijumaa hii madam alikuwa amempa ruhusa yake ya kwanza, hadi adhana ya alasiri, ambapo dereva Hamdan angekuja kumchukua. Hakutaka zawadi wala hotuba. Alitaka kukaa chini, aikunje miguu, ale na watu wanaolijua jina lake.

Basi akapanda ngazi za ghorofa moja kuukuu ya mtaa wa Batha, juu ya duka la mabegi, akaingia katika chumba cha Umoja wa Waswahili wa Riyadh na Jeddah, alikoalikwa kula pilau. Maskini, hakujua kwamba anaingia bungeni.

Umoja ule haukuweza kujaza basi moja, lakini ulikuwa na mabaraza mawili. Aliyeyabuni alikuwa Spika Elphas, dereva wa lori, Simba wa Kanuni, ambaye zamani huko kwao alifyeka nyasi nje ya bunge la kaunti, na kwa kuchungulia dirishani akajiona amehitimu. Baraza la Chini lilikaa Batha, wajumbe wake Wakenya watupu, madereva na wafanyakazi wa nyumbani, waliochaguliwa kwa wingi wa vichwa. Baraza la Juu lilikaa Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, majilisini kwa Mzee Vuai, aliyeletwa kutoka Unguja akiwa mtoto wa kubebwa mwaka wa sitini na nne. Huko kila ukoo ulikuwa na kiti kimoja, uwe ukoo wa watu kumi au wa mjane na paka wake. Na katiba ikaagiza kwamba chochote kitakacholiwa na Umoja sharti kipitishwe na mabaraza yote mawili, kwa maneno yale yale. Baraza moja, alisema Elphas, laweza kula kwa pupa. La pili lipo ili kulitafunisha.

Ilikosekana siwa tu, ile fimbo ya mamlaka ya Spika, na bila siwa bunge gani hilo? Wakautwaa mwiko wa pilau, mmoja pekee uliokuwamo chumbani, wakaulaza mezani mbele ya Spika, na simu ya Jeddah ikaegemezwa kwenye chupa ya chai ili Baraza la Juu nalo liuone. Ukiwapo mezani, mabaraza yamekaa. Ukiondoka, hakuna bunge, na lolote litakalosemwa ni porojo. Elphas mwenyewe aliiandika kanuni hiyo, na akaipenda kuliko zote.

Ivy, mpishi wa siku ile, alikwisha kuipua. Ndipo ukaletwa Mswada wa Kufunua Sufuria. Ukasomwa mara ya kwanza. Ukasomwa mara ya pili, ukajadiliwa na watu waliokuwa wakimeza mate katikati ya sentensi. Ukapelekwa kwenye Kamati ya Chumvi, ambayo ilitoa taarifa kwamba haiwezi kutoa taarifa kwa kuwa sufuria bado imefunikwa. Ukasomwa mara ya tatu, ukapita: pilau ipakuliwe sahanini, kila mtu na yake.

Kisha mswada ukasomwa kwenye simu, na Mzee Vuai, Nguzo ya Al-Hamra, akaunguruma kutoka Jeddah.

"Sahani! Watu wazima hao, kila mmoja kajitenga na kisahani chake kama mgonjwa wa hospitali! Sisi hatukulelewa hivyo. Wenye kupendana hula sinia moja. Baraza hili linarekebisha: futa sahani, tia sinia. Nasi hatuondoki hapo."

"Waheshimiwa, order!" Elphas akasimama, akakishika kifua. "Je, Baraza la Chini, lililochaguliwa na wananchi, litapiga magoti mbele ya sinia? Hapana! Iundwe kamati ya upatanisho, wajumbe sawa kwa sawa!"

Kamati ikaundwa. Ikakwama papo hapo, kwa kuwa ilipaswa kukutana mahali pamoja, na nusu yake ilikuwa Jeddah.

Truphena aliitazama sufuria.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi nitakula hata kwa kifuniko. Tafadhali tu, nikae nile."

"Mgeni haongei bungeni!" Elphas alifoka.

Adhana ya alasiri ikalia. Waislamu wakaenda kuswali, wakarudi, na kamati ilikuwa palepale. Honi ikapigwa chini barabarani, na sauti ya Hamdan ikapanda: "Yalla, Truphena! Yalla!"

Hapo ndipo aliposimama Binti wa Vihiga. Hakuvaa deraya, hakupigiwa baragumu. Aliuvuka mkeka, akawapita waheshimiwa kushoto na kulia, akanyoosha ule mkono wa kusugua masufuria ya watu, akautwaa mwiko.

"Siwa!" Elphas akapiga ukelele. "Siwa imetekwa! Naamuru irudishwe!"

"Unaamuru kama nani?" Ivy akamuuliza. "Siwa haiko mezani. Bunge hakuna, Spika hakuna. Hizo ni porojo, na kanuni ni yako."

Elphas akaanza kuipekua katiba, akitafuta kanuni ya kumwokoa. Truphena akafunua sufuria, akakigeuza kifuniko juu chini, akapakua pilau iliyopoa, akaketi mkekani. Ivy akaketi naye, wakanawa, wakala kwenye kifuniko hicho kimoja, ambacho si sahani wala si sinia. Mmoja mmoja waheshimiwa wakateremka kutoka vitini. Elphas alikuja wa mwisho, akala kuliko wote.

"Alo?" Mzee Vuai alikuwa akiita kwenye simu. "Alo! Mbona siuoni mwiko? Kamati imefika wapi?"

Honi ikapigwa tena, ndefu, ya hasira.

"Mwambieni asubiri," Truphena alisema, mdomo umejaa. "Ninakula."

Jioni ile mabaraza yote mawili, baada ya mwiko kuoshwa na kurudishwa mezani, yalipitisha kwa kauli moja na kwa maneno yale yale, mara ya kwanza tangu kuundwa kwake, azimio la kuruhusu sufuria ifunuliwe. Ilikuwa tupu. Walipigiana makofi hata hivyo, Batha na Al-Hamra.

Basi na ikumbukwe, vizazi na vizazi, madola yakiinuka na mabunge yakivunjwa: Ijumaa ile, mjini Riyadh, Truphena wa Vihiga alikula ameketi, na akajipakulia tena.